Grafu za Bei ya Samaki: Hoteli Zikianza Kulipa, Je, Programu Bado ni Bure?

Assalaam alaykum Ami,

Mimi ni binti wa miaka 26, mkaazi wa Langoni hapa Amu. Nilisomea kompyuta, na mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa tovuti ya kuonyesha bei za samaki kisiwani. Nateremka gatini asubuhi, nawauliza wavuvi na wachuuzi bei ya changu, tewa, nguru, pweza na kamba mawe, kisha naziingiza kwenye jedwali. Tovuti yenyewe inachora grafu ya kila samaki, mwezi baada ya mwezi. Upepo wa kusi ukikaza na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, mstari unapanda. Bahari ikitulia wakati wa matlai, unashuka. Hata mzee asiyejua kusoma anaielewa.

Grafu hizo nazichora kwa Highcharts, programu ya kuchora grafu kwenye tovuti, ya kampuni moja ya Norway. Niliichagua kwa kuwa inapendeza, naipakua kwa npm, ghala la mtandaoni la programu, bila kudaiwa chochote, na msimbo wake wote uko wazi GitHub, tovuti wanakoweka msimbo waandishi wa programu. Isitoshe, nilikuwa mwanafunzi, na wanafunzi wanaruhusiwa kuitumia bure.

Baada ya kumaliza chuo niliendelea nayo. Viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, waliniomba wawe wanaziona bei, nikawafungulia bila malipo. Kisha hoteli mbili za Shela zikataka taarifa ya kila wiki, wapishi wao wajue wanunue nini na kwa bei gani. Nazitoza shilingi 1,500 kwa mwezi kila moja. Si pesa nyingi, lakini zinanilipia bando na kunisaidia mimi na mama.

Sasa hoteli ya tatu, kubwa kuliko hizo, inataka mkataba wa mwaka mzima. Bei tumekubaliana. Wakili wao ameniletea mkataba wenye kifungu kinachosema nathibitisha kuwa nina haki ya kutumia kila programu iliyomo ndani ya tovuti, na mtu akija kudai, gharama zote ni juu yangu. Anataka pia orodha ya programu hizo na leseni zake kabla ya kutia saini. Ndipo nikausoma ukurasa wa leseni wa Highcharts na kukuta kwamba matumizi ya kibiashara yanalipiwa.

Binamu yangu, aliyenifundisha kazi hii, anasema nisijisumbue. Chini ya kila grafu pana maandishi madogo ya kijivu, "Highcharts.com". Anasema nikiongeza mstari mmoja yatapotea, na hakuna mtu wa Norway atakayekuja Lamu kukagua grafu za samaki. Rafiki yangu naye anasema mimi si kampuni, sina hata cheti cha biashara, kwa hiyo leseni ya kibiashara hainihusu. Wengine wanasema kwa kuwa BMU wanapata bure, kazi yangu ni ya jamii.

Ami, nifanye nini? Mkataba huu nautaka sana, lakini sitaki kutia saini jambo nisilo na uhakika nalo.

Binti wa Langoni, Lamu

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Usitie saini bado. Mwandikie wakili leo kwamba orodha anayoitaka unaiandaa, umpe na tarehe ya kuipata. Hilo halitakuharibia kazi. Mawakili wamezoea kusubiri karatasi, na mtu anayeomba muda ili alete orodha sahihi huaminika zaidi kuliko anayejibu "hakuna shida" ndani ya dakika tano.

Sasa jibu lenyewe: ndiyo, matumizi yako ni ya kibiashara, na yalianza kuwa hivyo siku hoteli ya kwanza ilipokulipa. Huu mkataba mkubwa umelifichua tu.

Rafiki yako anachanganya mambo mawili. Cheti cha biashara ni baina yako na serikali. Leseni ya programu ni baina yako na aliyeitengeneza, naye haulizi umesajiliwa wapi, anauliza kazi yake inatumika kufanyia nini. Mtu akikuazima dau lake uende nalo mazikoni Matondoni, nawe kesho yake ukaanza kuvusha abiria Mokowe kwa nauli, hutamwambia kwamba hukukosea kwa sababu huna kampuni ya boti. Ruhusa aliyokupa ilikuwa ya mazikoni. Wala faida haipimwi kwa ukubwa. Shilingi 1,500 ni malipo kama ilivyo laki moja.

Kuhusu BMU, nakupongeza kwa dhati kwa kuwafungulia bure, na usiache. Lakini tovuti ni moja, grafu ni zile zile, na upande mmoja wake unauzwa. Huwezi kuuegemeza upande wa kulipia kwenye sadaka ya upande wa pili. Kama kweli ungekuwa na tovuti mbili, moja ya jamii isiyouza kitu na nyingine ya hoteli, ile ya jamii ungeweza kuiombea ruhusa ya matumizi yasiyo ya kibiashara. Kwa ukubwa wa kazi yako sioni haja ya kujigawa hivyo.

Jambo ninalotaka ulishike vizuri, kwa sababu limewapotosha vijana wengi wenye akili, ni hili la msimbo kuwa wazi GitHub. Kuuona msimbo si kuruhusiwa kuutumia utakavyo. Ziko programu huria, ambazo leseni yake inasema wazi kwamba yeyote anaweza kuzitumia, kuzibadilisha na hata kuziuza. Na ziko programu ambazo mwenyewe ameuacha msimbo wake uonekane, ili watu wajifunze, wakague na waripoti kasoro, lakini haki ya kuutumia kibiashara ameishikilia. Highcharts iko kundi hili la pili. npm nayo ni mlango wa kupakulia tu. Haikagui kama umelipa, haikuulizi una leseni gani. Kwa hiyo kuweza kuipakua bila kudaiwa hakuthibitishi lolote.

Tena ujue hiyo programu ilitoka wapi. Kampuni ya Highsoft iko Vik, kijiji kilicho ukingoni mwa ghuba ndefu ya Sognefjord, magharibi mwa Norway. Mwanzilishi wake, Torstein Hønsi, alikuwa akitafuta njia rahisi ya kuonyesha kwenye tovuti yake vipimo vya kina cha theluji katika mlima wa kwao. Hakupata iliyomridhisha, akatengeneza yake, na mwaka 2009 ikatoka kama Highcharts. Yaani ni mtu wa mahali padogo, aliyepima kitu cha kwao akakichorea grafu, kisha watu wa mbali wakataka kukilipia. Mwanangu, habari hiyo wewe unaijua kuliko mtu yeyote. Wanachoomba wao ni kile kile unachokiomba wewe kwa hoteli za Shela.

Nije kwa binamu yako. Kuyaondoa yale maandishi ya chini ni mpangilio wa kawaida uliomo kwenye maelekezo yao wenyewe, na mwenye leseni akiyaondoa hakuna ubaya. Ila kuyaondoa hakukupi leseni. Fungua lile faili lenyewe la programu kwenye tovuti yako, utazame mistari ya juu kabisa: jina la bidhaa liko pale, toleo liko pale, na anwani ya ukurasa wa leseni iko pale. Yeyote anayejua kubonyeza mahali pa kuonyesha chanzo cha ukurasa ataviona, akiwa Norway au akiwa ofisi ya wakili Mombasa. Na huyo wakili ndiye aliyekwisha kuuliza.

Umbali nao hausaidii. Kenya imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1993, na Norway imo tangu 1896. Maana yake kazi ya Mnorwe inalindwa hapa kama kazi ya Mkenya. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za fasihi, kwa hiyo kuinakili programu bila ruhusa ni kama kukipiga chapa kitabu cha mtu. Mwenye haki anaweza kudai fidia mahakamani. Na hata kama hatakuja mtu kamwe, hii ni haki ya mtu. Umelelewa Lamu, sina haja ya kukueleza chumo la halali ni nini.

Una njia mbili za heshima.

Ya kwanza ni kulipa. Usiikatae kabla ya kuuliza. Leseni yao huhesabiwa kwa idadi ya watu wanaoandika programu, nawe uko peke yako. Huangalia pia unaitumia wapi: ndani ya ofisi, kwenye tovuti, au ndani ya huduma unayowauzia wateja. Yako ni hiyo ya mwisho, kwa hiyo waeleze hivyo tangu mwanzo, usije ukanunua leseni isiyokufaa. Angalia na jambo moja ambalo wengi huliruka. Kama grafu zako zina ule ukanda wa chini wa kuvuta tarehe huku na huku, huenda unatumia Highcharts Stock, na hiyo ni bidhaa nyingine yenye leseni yake. Ramani ni nyingine pia. Waandikie barua pepe fupi: una watu wangapi, tovuti inafanya nini, wateja wangapi, unatumia bidhaa zipi. Uliza bei, uliza leseni inadumu kwa muda gani, uliza pia ikiisha utaruhusiwa kuendelea na toleo ulilonalo au la. Majibu yote yawe kwa maandishi, uyahifadhi.

Ya pili ni kuhamia programu huria, na kwa hali yako hii ndiyo ninayoipendekeza. Unaingiza shilingi 3,000 kwa mwezi, na hata huo mkataba mpya ukija, usiuanze kwa gharama ya fedha za kigeni inayopanda kila shilingi ikishuka.

Chaguo langu kwako ni Apache ECharts. Ilianzia Baidu, kampuni ya China, na sasa iko chini ya Apache Software Foundation, kwa leseni ya Apache 2.0, inayoruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo. Inao ule ukanda wa kuvuta tarehe ndani yake. Tena, na hili ni la wapishi wako, inaweza kuchora kwa SVG, yaani kwa mistari halisi badala ya nukta za picha. Mpishi akiichapisha taarifa yako na kuibandika ukutani jikoni, mistari inatoka mikali na tarakimu zinasomeka, haziwi ukungu kama picha iliyovutwa. Najua hoteli nyingi bado zinafanya kazi kwa karatasi, na karatasi hiyo ndiyo watu watakayokujulia.

Chart.js ni nyepesi zaidi na rahisi kujifunza, kwa leseni huria iitwayo MIT. Inachora kwa canvas, yaani kwa nukta kama picha, kwa hiyo katika kuchapisha haitakufurahisha sana, lakini kwenye simu ya mvuvi inatosha kabisa. Plotly.js nayo ni ya MIT tangu 2015, ila ni nzito kwa mtu mwenye bando dogo. D3, ya Mike Bostock, iko chini ya leseni nyingine huria, ISC, na inaweza karibu kila kitu, lakini itakula wiki zako. Iache kwa sasa.

Mbili nitakutahadharisha nazo kidogo, ingawa si mbaya. Google Charts haina malipo, lakini masharti yao hayaruhusu kuupakua msimbo na kuuweka kwenye seva yako. Lazima kila mtumiaji auvute kutoka kwao. Tuliona Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika jinsi intaneti ilivyotulemea pwani nzima. Tovuti ya bei za samaki isitegemee seva za mbali zaidi ya inavyolazimika. amCharts yenyewe inaruhusu hata biashara kuitumia bila malipo, mradi nembo yao ibaki ikionekana kwenye grafu. Ukiichagua hiyo, shauri la binamu yako ndilo litakaloivunja leseni, kwa sababu hapo nembo ndiyo bei.

Kuhama kwenyewe kusikutishe. Bei zako ziko kwenye jedwali lako, hazimo ndani ya Highcharts. Highcharts na ECharts zote mbili zinapokea mipangilio kwa mtindo unaofanana: mihimili, kichwa cha grafu, kisha mfululizo wa data. Anza na grafu moja, ya changu, iweke kando ya ile ya zamani uhakikishe tarakimu zinalingana, kisha uendelee na nyingine. Ukimaliza, iondoe Highcharts kabisa kwenye mradi, siyo kuacha kuiita tu. Tafuta jina lake katika mafaili yote, pamoja na yale ya npm. Faili lililosahaulika kwenye seva bado ni nakala.

Na programu huria zina masharti pia, usije ukadhani umefika nchi isiyo na sheria. MIT inakutaka ulihifadhi tangazo la hakimiliki na maneno ya ruhusa katika kila nakala. Apache 2.0 inakutaka uambatanishe leseni, uhifadhi faili la NOTICE, na useme umebadilisha wapi kama umeyagusa mafaili yao. Zote mbili zinasema programu inatolewa bila dhamana yoyote. Ukifungua faili la Chart.js utaona mistari michache juu yenye jina, toleo na leseni. Mashine za kubana msimbo wakati mwingine huyafuta maneno hayo. Tengeneza ukurasa mdogo ndani ya tovuti yako, uuite "Leseni", uyaweke yote humo. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo malipo pekee wanayokuomba.

Turudi kwa wakili. Kile kifungu si cha kawaida tu cha kupitia kwa macho. Kinasema gharama za madai ni juu yako, yaani hoteli ikishtakiwa kwa sababu ya programu uliyoitumia, fidia na mawakili wao watakudai wewe. Kwa hiyo kabla ya saini orodha iwe ya kweli na kamili. Weka jina la kila programu, toleo lake, leseni yake, na inatumika wapi. Usiishie kwenye grafu. Tazama fonti ulizopakua, tazama vile vijipicha vya samaki. Kama una ramani inayoonyesha mialo ya Kizingitini na Faza, na umeichukua kutoka OpenStreetMap, lazima jina lao lionekane. Picha ulizookota mtandaoni ziondoe, piga zako. Unaweza pia kuomba kifungu kiwekewe kikomo, kwamba dhima yako isizidi kiasi walichokulipa katika mwaka huo. Ombi hilo ni la kawaida kabisa, na mtu mdogo anayefanya kazi na hoteli kubwa ana kila sababu ya kuliomba. Hapa ningekushauri umtafute wakili wako mwenyewe, japo kwa mashauriano ya mara moja.

Na miezi iliyopita? Ukishahama, waandikie Highsoft: ulianza ukiwa mwanafunzi, kazi ikageuka ya kulipwa, umegundua unatakiwa leseni, umeshaiondoa programu tarehe fulani, unaomba wakwambie kama kuna unachodaiwa. Usiandike kwa hofu wala kwa kujitetea sana. Wakikutajia kiasi, ongea nao, eleza ukubwa wa kazi yako. Zile hoteli mbili za Shela zijulishe tu kwamba muonekano wa grafu utabadilika. Bei ni zile zile, na hawana wanachopoteza.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Bei hizo umezikusanya kwa miguu yako mwenyewe, na huo mkataba, kama ulivyonieleza, unalinda haki za kila mtu isipokuwa zako. Mwombe wakili aongeze kifungu: hoteli inaruhusiwa kutumia taarifa na grafu kwa shughuli zake za ndani, haitaziuza wala kuzigawa kwa hoteli nyingine, na mkusanyiko wa bei unabaki kuwa wako baada ya mkataba kwisha. Kisha weka wazi kwamba kuwapa BMU bila malipo ni haki yako, na hoteli haiwezi kuizuia. Nisomee kifungu hicho kabla hujakipeleka, nitumie tukitazame pamoja.

Ami yako